Daraja Lililogoma Kukaa

Kuna watu wakiuliza swali wakajibiwa, huridhika na kwenda zao. Bi Kwanini hakuwa miongoni mwao. Jina lake halisi lilikuwepo kwenye vyeti vyake, lakini mtaani, kazini na hata nyumbani kwake mwenyewe aliitwa Bi Kwanini, na aliitika bila kununa. Ukimwambia maji yamekatika, atakuuliza yamekatikia wapi. Mumewe alipenda kusimulia kwamba siku alipojikaza kisabuni akamwambia anampenda, aliulizwa tangu lini, na ushahidi uko wapi.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa meno. Tafadhali msimchanganye na daktari. Daktari ndiye anayekuambia panua, panua zaidi, halafu anakuuliza habari za watoto huku mkono wake uko kinywani mwako. Fundi humwoni. Bi Kwanini alikaa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, mbele ya meza iliyojaa brashi nyembamba, taa yenye shingo ndefu na tanuri dogo la kuchomea kauri. Vumbi la plasta lilimkaa kwenye nyusi mpaka wageni wakamwamkia kwa heshima asiyostahili bado. Wagonjwa hawakumjua, lakini yeye aliwajua kwa magego yao. Mara nyingine alikutana na mtu sokoni, akamkodolea macho anapocheka, na mtu wa watu akadhani ana jambo naye.

Tuelewane kidogo kuhusu daraja la meno, maana bila hilo hamtaona kilichomnyima raha. Jino likitoka, daktari husaga meno mawili ya jirani yakawa nguzo, na juu ya nguzo hizo huvishwa kipande kimoja cha kauri chenye meno matatu, la katikati likiziba pengo. Ili kipande kikae, daktari hujaza trei kwa uji mzito na kuubana kinywani. Uji ukigeuka mpira, anautoa, na ndani yake mmebaki mashimo yenye umbo la meno yako. Hicho ndicho kipimo. Fundi humimina plasta kwenye kipimo, hupata meno ya plasta, na juu ya hayo ndipo hujenga. Kwa hiyo fundi hajengi juu ya meno yako. Anajenga juu ya habari za meno yako, na habari zikipotoshwa njiani, imekula kwako.

Njiani alikuwepo Baba.

Baba yake Bi Kwanini alikuwa mtunza miche maisha yake yote, kwenye bustani ya serikali iliyotoa miti ya kupanda barabarani na mashuleni. Alipostaafu alihamia kwa binti yake, akachagua kiti kilichotazama dirishani, akakaa. Mwanzoni wote walisema mwacheni mzee apumzike. Lakini kupumzika kwake kukazidi. Aliacha kunyoa ndevu, aliacha kuuliza chakula ni nini, na mwisho akawa anazungumza na redio tu. Bi Kwanini aliumia kumwona hivyo, akatafuta la kufanya, na akalipata: kliniki ya daktari aliyefanya naye kazi ilikuwa mitaa michache tu kutoka karakana yake, na vipimo vilihitaji mtu wa kuvileta.

Mzee akafufuka. Siku ya kazi alinyoa, akapiga viatu rangi, akachukua kikapu chake chenye kifuniko na kutoka kama mtu anayesubiriwa. Alisalimia kila mlango. Akiulizwa amebeba nini, alijibu, "Vinywa vya watu. Nisogezee njia." Mezani alirudisha masimulizi, na ugomvi wake wa zamani na chumvi. Bi Kwanini alijua wazi kwamba siku kazi ile ikimtoka, Baba angerudi kwenye kile kiti, na mara hii asingenyanyuka.

Sasa ndipo aingie Wifi, mke wa kaka yake. Wifi alikuwa mwanamke wa kucheka kwa mwili mzima, na alipong'olewa jino la juu upande wa kushoto alianza kucheka huku kafunika mdomo, jambo lililomfanya aonekane anapiga chafya. Daktari akamsaga zile nguzo, akachukua kipimo, Mzee akakileta, Bi Kwanini akajenga daraja zuri kupita yote aliyowahi kujenga. Lilikuwa la mtu wa nyumbani, na rangi yake aliihangaikia mpaka ikawa huwezi kujua jino lipi ni la Mungu na lipi ni la tanuri. Kwenye meno ya plasta lilikaa kimya, limetulia.

Kinywani liliyumba.

Daktari alibonyeza upande huu, upande ule ukanyanyuka. Wifi hakungoja afike nyumbani, alipiga simu akiwa bado kwenye kiti cha kliniki.

"Wifi, nilikuomba meno. Mbona umenipa kiti cha bembea?"

"Acha utani. Linayumba?"

"Nikifunga mdomo linasema tik. Nikiongea linanijibu. Nyumbani nina kaka yako anayenijibu, sihitaji mwingine."

Bi Kwanini alicheka kwa sababu Wifi alitaka acheke, kisha akakata simu. Daktari, kijana mtaratibu asiyejua kumlaumu mtu, alipiga baadaye kusema huenda ni mkono wake, huenda trei ilisogea. Bi Kwanini akasema hapana, huenda ni plasta yake. Wakabishana kwa adabu, kila mmoja akiivutia lawama kwake. Wakakubaliana kurudia, kipimo kipya na daraja jipya.

La pili nalo liliyumba.

Hapo ndipo jina lake lilipoanza kufanya kazi. Aliipima plasta upya, akabadilisha maji ya kukorogea, akajaribu joto la tanuri. Alilirudisha daraja juu ya plasta: kimya. Alijiuliza kwa nini kitu kikubali huku na kikatae kule, ilhali kule na huku ni kinywa kilekile. Mumewe alimkuta jikoni ameinamia sufuria, anabonyeza kifuniko chake upande huu na upande ule, akaondoka bila kuuliza.

Akauliza kingine: kimebadilika nini? Zamani daktari alitumia mpira wa kijani kwa kazi za madaraja. Ulipoadimika madukani alihamia ule wa zambarau, akaanza na Wifi, na aliusifu kweli, maana haukimbii mate. Penye unyevunyevu, pale kwenye kingo za ufizi ambapo mpira wa kijani hukosea, wa zambarau hupenya na kushika kila mstari. Basi ni wa zambarau, alijisemea Bi Kwanini, tumempata mwizi. Lakini kulikuwa na kliniki nyingine, ng'ambo ya barabara kuu, iliyotumia mpira uleule, na madaraja ya wagonjwa wa kule yalikaa kama yamezaliwa pale. Plasta ileile, tanuri lilelile, mkono uleule.

Alikaa na fikra hiyo akizungusha brashi vidoleni. Kipimo kilikuwa sawa kilipotoka kinywani. Mkono wake ulikuwa sawa. Vipimo vya ng'ambo vililetwa na dereva wa pikipiki, ndani ya boksi. Hivi vingine vililetwa na Baba.

Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, Bi Kwanini hakutaka kujua. Alifagia karakana iliyokwisha kufagiwa. Alipanga brashi kwa urefu. Lakini mtu na tabia yake, na Mzee aliporudi kutoka kliniki mchana ule, binti yake alikuwa amesimama nyuma ya dirisha, kama anayechungulia barua ya mwenziwe.

Mzee hakuingia moja kwa moja. Alisimama kwenye bomba la nje, akaweka kikapu chini, akapiga goti. Akatoa trei mbili za mgonjwa mwingine, zilizofungwa pamoja kwa kitambaa: ya juu, ile ya zambarau ya kujengea daraja, na ya chini, iliyochukuliwa kwa unga wa mwani, ya kuangalia tu meno yanavyokutana. Ile ya mwani ni lazima ibaki na unyevu, ikikauka inasinyaa. Hilo Mzee alikuwa amelisikia kliniki tangu siku ya kwanza. Akafungua bomba kidogo, akalowesha kitambaa, akakikamua, akazifunga tena zote mbili, taratibu, huku akisawazisha mikunjo kwa kidole gumba. Bi Kwanini aliutambua mkono ule. Ndivyo alivyofunga mizizi ya miche kabla ya kuipakia kwenye lori, kwa magunia mabichi, usife hata mmoja njiani.

"Shikamoo, Baba," alisema alipoingia.

"Marahaba, mama. Mzigo umefika salama, haujanyauka."

Na Bi Kwanini, desturi yake ilikuwa kuviacha vipimo vimefungwa vilevile mpaka asubuhi, muda wake wa kumimina plasta.

Ili awe na hakika alitoa chuma chake cha mafunzo chenye vinguzo viwili, na kofia ya chuma iliyokaa juu yake sawasawa. Alimwomba daktari mpira kidogo wa zambarau, akachukua vipimo viwili vya kile chuma. Kimoja akakiacha kikavu ndani ya boksi. Kingine akakifunga kwa kitambaa kibichi, akakilaza. Asubuhi alivimiminia plasta vyote, ilipokauka akaivalisha kofia. Kwenye plasta ya kipimo kikavu ilikaa. Kwenye ile nyingine, akibonyeza huku, inanyanyuka kule.

Furaha ilimpanda kabla ya huzuni, na tusimlaumu, ndivyo alivyoumbwa. Mpira ule ulipenda maji! Ndiyo maana haukimbii mate, ndiyo maana unashika kingo zilizolowa vizuri kuliko wenzake wote. Kinywani dakika chache hilo ni sifa. Ukiulaza usiku kucha na kitambaa kibichi, hauachi kupenda, unakunywa, unafura kidogo, kiasi usichokiona kwa jicho, na habari za meno zinapinda. Sifa yake na kosa lake vilikuwa kitu kimoja. Alisimama peke yake chumbani akasema, "Ahaa!" kwa sauti, halafu akakumbuka ni nani aliyekuwa akiunywesha, akakaa chini.

Alimpigia daktari, akamweleza yote. Daktari akauliza polepole, "Mzee anajua?"

"Hajui. Na akijua ameharibu madaraja mawili ya mkwe wake, huyo sitamtoa tena ndani."

"Basi asijue. Hiyo ya zambarau nitaifunga kwenye mfuko wake wa nailoni, nibane kwa moto. Ya mwani abaki na kitambaa chake. Aloweshe apendavyo."

Wote wawili walipumua. Ilikuwa njama safi, haikumdhuru mtu, na kila mmoja aliweka simu chini akijiona mwenye huruma na akili kwa pamoja. Kipimo cha tatu kikaja kimefungwa, kikamiminiwa plasta, na daraja la tatu lilipovishwa Wifi lilikaa bila tik wala tak. Wifi alipita karakana makusudi acheke mbele ya fundi wake, kichwa nyuma, mdomo wazi, mpaka jirani wa cherehani akaja kuuliza kuna nini.

Ningeweza kuishia hapo na wote tukaondoka na furaha zetu. Lakini Bi Kwanini alisahau jambo moja: ule udadisi wake hakuuokota barabarani.

Siku chache baadaye Mzee aliingia na kikapu, akakiweka mezani, asikae.

"Mama, hii ya zambarau siku hizi inafungwa kwenye nailoni."

"Ndiyo, Baba. Ni utaratibu mpya."

"Nimelowesha kitambaa, maji yanateleza juu. Hayaingii."

"Hayana haja ya kuingia. Wewe endelea tu kama kawaida."

"Kwa hiyo ninalowesha nini?"

Bi Kwanini aligeukia tanuri, akajifanya anaangalia moto. "Utaratibu tu, Baba," alirudia, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu.

Mzee hakugomba. Alikunja kitambaa chake, akakiweka juu ya meza, akakiacha na kikapu. Asubuhi iliyofuata hakunyoa. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, redio ikiongea peke yake, na dereva wa pikipiki ndiye aliyekwenda kliniki.

Bi Kwanini alivumilia mpaka mchana. Kisha akafunga karakana, akaenda nyumbani, akavuta kigoda, akakaa miguuni pa baba yake. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yakamkimbia.

"Umechoka, Baba?"

"Sijachoka." Alizima redio. "Nimetulizwa. Kuchoka na kutulizwa si kitu kimoja. Mtoto akililia kisu hupewa kijiko, aridhike. Mimi mmenipa bomba la maji."

"Baba, hatukutaka uumie."

"Kwa hiyo kuna cha kuumiza. Kumbe nilikuwa sikosei." Aliinama mbele. "Wakumbuka tuta la mikaratusi?"

Alikumbuka, ingawa hakuna aliyelitaja miaka nenda miaka rudi. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi, likizo, bustanini. Aliionea huruma miche mchana wa jua kali, akaimwagilia na kuimwagilia mpaka udongo ukawa tope, na tuta zima likaoza mizizi.

"Uliliua tuta zima kwa mapenzi," alisema Mzee. "Nilikuficha?"

"Hukunificha."

"Nilikuleta pale pale, nikakung'olea mmoja, nikakuonyesha mzizi uliooza, nikakwambia, hii ni kazi yako. Ulilia?"

"Nililia sana."

"Uliacha kuja bustanini?"

Bi Kwanini alitikisa kichwa. Machozi yakamshuka yakichora njia kwenye vumbi la plasta.

"Nilikuwa nakuona mtu mzima tangu wakati ule," alisema baba yake. "Mimi leo unanionaje?"

Basi akainuka, yeye binti, akamshika baba yake mkono kama anayemwomba radhi na kama anayemwomba msaada. Wakaenda karakana pamoja, Mzee hajanyoa, viatu havijapigwa rangi, jambo ambalo siku nyingine asingelikubali. Akamketisha mbele ya meza, chini ya ile taa. Akamwekea plasta mbili na kofia ya chuma, akamweleza toka mwanzo hadi mwisho: mpira unaopenda maji, kitambaa, bomba, usiku, daraja la kwanza, daraja la pili. Hakupamba wala hakupunguza. Alipofika kwenye simu yake na daktari, hapo napo hakuruka.

Mzee alivalisha kofia kwenye plasta ya kwanza, akabonyeza. Ikatulia. Akaihamishia ya pili. Alibonyeza kulia, kushoto ikanyanyuka. Akabonyeza kushoto, kulia ikanyanyuka. Aliendelea hivyo muda mrefu, na Bi Kwanini akamwacha, ijapokuwa kila mnyanyuko ulimchoma.

"Hii ndiyo kazi yangu," Mzee alisema mwishowe.

"Ndiyo, Baba. Hiyo ni kazi yako."

Mabega yalimlegea, na kwa kitambo binti yake alidhani amempoteza. Kisha Mzee akasogeza taa karibu, akainua plasta ile iliyopotoka mpaka usawa wa jicho, akaizungusha.

"Mbona sioni mahali ilipofura?"

"Haionekani kwa macho. Ni kidogo mno."

"Kidogo mno, na bado mtu hawezi kutafuna." Aliirudisha mezani kwa uangalifu. "Ningeilowesha saa moja tu, badala ya usiku kucha?"

"Sijui, Baba. Sijajaribu."

"Hujajaribu," alisema Mzee, akivuta kiti karibu na meza na kukunja mikono ya shati. "Na huo mpira umebaki?"